Je, Wajua? Timu Iliyoshangilia kwa Pipa la Taka

Huku kwetu Lugulu barafu ni ile ya mvua ya mawe, inayochana majani ya mahindi kisha ikayeyuka kabla hujaiokota. Kwingine watu huigandisha uwanja mzima, wakavaa viatu vyenye makali ya chuma na kucheza magongo juu yake. Sijaona mchezo mwingine wenye misimu mibovu iliyojaa visa vitamu kama huu.

Mechi 80, ushindi 8

Je, wajua kwamba Washington Capitals, katika msimu wao wa kwanza kwenye ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, walicheza mechi 80 wakashindwa 67? Hiyo ilikuwa 1974-75. Walitoka sare tano na kufungwa mabao 446, yaani zaidi ya matano kila walipoingia uwanjani, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Makocha watatu walipokezana kazi katika msimu huohuo.

Ugenini ndiko walikokiona cha mtema kuni. Walipoteza mechi 37 mfululizo, hadi Machi 28, 1975, walipoilaza California Golden Seals 5-3 kule Oakland. Basi wachezaji wakachukua pipa la taka, wakalitia saini zao, wakalizungusha barafuni wakiwa wamelinyanyua juu kama kombe la ubingwa! Kombe lenyewe, Stanley Cup, walikuja kulishika 2018, miaka 43 baadaye. Picha za siku hiyo ni nzuri, lakini mimi ningetoa chochote kuwaona wale wa pipa.

Kipa asiyeonja ushindi

Je, wajua kwamba Michel Belhumeur alicheza mechi 35 katika msimu huo wa Washington bila kupata ushindi hata mmoja? Ushindi wote nane uliandikwa kwa jina la mwenzake, Ron Low. Na Belhumeur hakuwa kipa wa kubezwa. Katika mechi moja dhidi ya Chicago alipangua penalti mbili, na penalti ya barafuni si mchezo: mshambuliaji anakuja peke yake kutoka katikati ya uwanja, mbio, kisahani cha raba kikiwa kwenye gongo lake. Ni makipa wachache mno waliowahi kupangua mbili kwa siku moja. Hata siku hiyo hakuondoka na ushindi.

Kisahani kinachopita matatu

Kisahani hicho kina uzito usiozidi gramu 170 na unene wa sentimita mbili na nusu, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mwaka 2012, katika shindano la mashuti, Zdeno Chara wa Slovakia alikichapa kikaenda kwa kasi ya kilomita 175 kwa saa. Matatu ya Webuye kwenda Kitale, ikifuata sheria, haifiki hata nusu ya kasi hiyo.

Wa mwisho hutangulia kuchagua

Nzoia Sugar ya hapa Bungoma ilishushwa daraja kutoka Ligi Kuu ya Kenya baada ya msimu wa 2023/24. Je, wajua kwamba katika NHL hakuna kushushwa? Anayevuta mkia hubaki palepale, tena huwekwa katika nafasi nzuri kuliko wote ya kumchagua chipukizi hodari wa mwaka. Zamani ilikuwa moja kwa moja; siku hizi ni kwa kura inayopendelea walioshindwa zaidi. Pittsburgh Penguins walimaliza mwisho 1984, wakampata Mario Lemieux, naye akawapa makombe ya 1991 na 1992.

Msimu ambao haukuchezwa kabisa

Kuna msimu mbaya kuliko ule wa Washington. Mwaka 2004-05 wenye timu na wachezaji walivutana kuhusu mishahara mpaka mechi zote 1,230 zikafutwa, na kombe halikupewa mtu. Kwa kuwa hapakuwa na jedwali la kuonyesha nani mwisho, timu zote 30 ziliingizwa kwenye kura ya kumchagua kijana wa miaka 17, Sidney Crosby. Pittsburgh tena! Akawaletea makombe ya 2009, 2016 na 2017.

Mwisho Januari, bingwa Juni

St. Louis Blues waliamka Januari 3, 2019 wakiwa chini kabisa ya ligi ya timu 31. Juni 12 mwaka huohuo waliwafunga Boston nyumbani kwao 4-1 katika mechi ya saba ya fainali, wakatwaa kombe.

Crosby katika jezi ya Kenya

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Je, wajua kwamba Kenya ina timu ya magongo ya barafuni, Ice Lions, na kwamba Crosby aliwahi kuichezea? Vijana hawa hujifunzia katika kiwanja cha barafu kilichofunguliwa 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi. Ni kidogo mno kikilinganishwa na uwanja rasmi wa mita 61 kwa 26, na wengi wao walianza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami. Kwa miaka mingi hawakuwa na timu ya kukabiliana nayo, wakawa wanajigawa makundi mawili na kupimana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2018 walialikwa Canada kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Kumbe wenzao wapya walikuwa wakiwasubiri na jezi za Kenya mwilini: Crosby, na Nathan MacKinnon wa Colorado, ambaye katika msimu wa 2016-17 timu yake ilikuwa imeambulia pointi 48 kati ya 164. MacKinnon naye alishika kombe, 2022. Janga la korona lilikifunga kiwanja cha Panari, lakini Ice Lions walirudi barafuni, na 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Magongo ya nyasi ni yetu

Friends School Kamusinga, kule Kimilili, na St. Anthony's ya Kitale ni miamba wa magongo ya shule za upili nchini. Na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Waliotangulia mbele yake ni Pakistan, Uhispania na India tu.