Nusu Mwaka Nairobi, Nusu Arusha: Gari Libebe Namba ya Wapi?

Mtu mwenye makazi Nairobi na Arusha hupenda kuanza na hesabu ya mafuta. Aanze na kodi. Njia ya Namanga ni ya saa chache na usukani uko kulia pande zote mbili, lakini forodha ndiyo inayoamua kama gari lake ni mgeni au mwenyeji.

Njia nyepesi ni kubaki na namba ya Kenya na kuchukua kibali cha muda mpakani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu mali kuingia kwa matumizi ya muda bila ushuru, mradi itoke ndani ya muda ulioandikwa, usiozidi miezi 12. Nenda na logibuku yenye jina lako. Gari likiwa la mkopo, pata barua ya ridhaa kutoka benki. Bima ya nyumbani peke yake haitoshi, kwa hiyo iongezee Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari. Tanzania ilijitoa COMESA lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Kadi humlipa uliyemgonga. Ubavu wa gari lako ukibonyea ni shauri la bima yako kubwa, nayo uiulize mapema kama inavuka mpaka.

Unapotoka, hakikisha kibali kimefungwa. Kisipofungwa, kumbukumbu zitaonyesha gari bado limo nchini, na gari lililopitisha muda linaweza kukamatwa. Wala usiliuze au kulikodisha ukiwa na kibali hicho.

Kulisajili Tanzania ni gharama ya aina nyingine kabisa. Chukua gari la miaka 12, injini ya cc 1800, ambalo forodha imelithamini shilingi milioni 10. Ushuru wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 unaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uchakavu: milioni 4.375. Kisha VAT ya asilimia 18, milioni 3 na ushee. Jumla inakaribia milioni 9.9, na tozo ya reli bado haijaingia. Umelinunua gari lako mara ya pili.

Kuelekea Kenya, kikwazo ni umri. Gari lililotumika likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza halipokelewi kwa usajili, kwa hiyo gari la zamani ulilolipata kwa bei nzuri Arusha litabaki Arusha.

Kwa anayekaa wiki chache, kibali kinatosha. Aliyehama na familia, watoto wakiwa shuleni Arusha, alipe kodi atulie. Kwa nusu kwa nusu, mimi ningeacha gari la Kenya nyumbani na kununua dogo lenye namba ya Tanzania tayari. Kodi yake ilishalipwa, na utaliuza hapohapo ukichoka. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari mwaka 2017, hivyo likilala miezi sita halilimbikizi deni hilo; chomoa betri tu. Kabla ya kutoa pesa, angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki ukamilike Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) muuzaji akiwepo.