Mkorogo wavuka Rusizi, ngozi yabaki na deni

RUSIZI – Kila asubuhi kinamama huvuka daraja la Rusizi ya Kwanza, kati ya Kamembe na Bukavu, wakiwa na mabeseni ya sambaza na mboga kichwani. Jua likipanda, anayeteseka zaidi ni yule aliyejipaka mkorogo. Uso humuwasha, naye huufunika kwa kitenge. Ni uso uleule alioutaka ung'ae ili wateja wamtazame.

Upande wa Rwanda, msichana mwenye rangi ya maji ya kunde husifiwa kuwa ni "inzobe". Anayejichubua husemwa "yitukuza". Hakuna aliyelazimishwa, lakini sifa zinazorudiwa kila siku harusini, sokoni na kwenye saluni humfikia kila mtu. Biashara ya mkorogo inaishi kwa sifa hizo.

Ndani ya vikopo hivyo mara nyingi mna haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Mwanzo ngozi hung'aa. Baadaye steroidi huifanya nyembamba, ikatoa michirizi, na kidonda kikachelewa kupona. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi, meusi kuliko rangi iliyokimbiwa. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Vifundo vya vidole hubaki vyeusi na kutoa siri.

Hapo ndipo kioo kinapogeuka adui. Aliyeanza kujipaka ili asidharauliwe sasa hukwepa picha, hukwepa wageni, na wengine huona aibu hata kwenda kwa daktari. Ugonjwa wa ngozi humkuta akijilaumu peke yake, ilhali waliomsifu alipong'aa wamenyamaza.

Novemba 2018, baada ya Rais Paul Kagame kulizungumzia suala hilo kwenye mtandao wa Twitter, polisi na maofisa wa afya walianza kukagua maduka na kukamata vipodozi vilivyopigwa marufuku. Kwa mfanyabiashara mdogo, katoni moja ikikamatwa, mtaji umekwenda. Nafuu ya ushuru kwa bidhaa ndogondogo haihalalishi bidhaa iliyokatazwa.

Kabla ya kununua mzigo, soma maandishi ya kopo. Lisiloonyesha viambato liache. Likikuonya usiguse dhahabu, fedha au vito unapolitumia, jua huenda lina zebaki. Na anayetumia tayari asiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kuvimba na kuwasha vibaya zaidi.

Waliowahi kuacha wanahitaji jambo moja kutoka kwa wenzao wa sokoni: wasalimiwe kama zamani, madoa yakiwapo au yasipokuwapo. Mteja mzuri hurudi kwa sababu sambaza ni mbichi na kipimo ni cha haki.