Gharama ya Kuangusha Mti Mkubwa

Mtu aingiaye Lubumbashi katika mwezi wa Septemba au Oktoba huiona mijakaranda imechanua maua yake ya zambarau kando ya barabara. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, nao uliitwa Élisabethville hata mwaka 1966. Miti mingi ya kivuli ya mjini asili yake ni nchi za mbali: mijakaranda yatoka Amerika ya Kusini, mikaratusi yatoka Australia. Nayo miembe imejaa katika viwanja vya watu. Mingi ya miti hiyo sasa ni mizee, na mingine imeliwa na mchwa ndani, ingawa kwa nje yaonekana mizima. Dhoruba za kwanza zikivuma baada ya kiangazi, matawi huvunjika, na watu hukimbia huku na huku kutafuta mkataji.

Basi twapenda kuwaeleza jamaa zetu jinsi kazi hii inavyopimwa na kulipwa. Tuwaze mama mjane wa Katuba, mwenye mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba yake. Mtu mmoja amwambia: «Mama, nitauangusha bure, nipe kuni tu, nichome makala.» Fundi mwingine ataka fedha nyingi. Mama atamchagua nani? Wengi wetu tungemchagua yule wa kwanza, maana kila jiko mjini lahitaji makala. Lakini bure hiyo yafaa kuchunguzwa. Mara nyingi mchoma makala hutaka shina. Matawi, majani na kisiki humwachia mwenyeji. Tena, mti ukiangukia mabati ya jirani, nani atalipa?

Bei ya kazi haitoki katika urefu wa mti peke yake. Mti wa meta 30 ulio shambani, penye nafasi pande zote, waweza kuangushwa kwa muda mfupi. Mti wa meta 15 uliobanwa kati ya nyumba mbili, na nyaya za umeme zikipita chini ya matawi yake, ni kazi ya siku kadhaa. Huo haukatwi shinani kwanza. Mtu hupanda, hukata tawi moja moja, na kila tawi hufungwa kamba na kuteremshwa polepole. Aliye chini huizungusha kamba mara mbili tatu katika shina, ili uzito usimponyoke mikononi. Kwa hiyo fundi mwema, kabla ya kutaja bei, hutazama kwanza kilicho chini ya mti, ndipo aangalie juu.

Wanafunzi wetu waweza kuwasaidia wazazi kupima. Shika fimbo wima, mkono umenyoshwa, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hata ngumi. Rudi nyuma mpaka ncha ya fimbo ilingane na kilele cha mti, na ngumi ilingane na shina lake chini. Umbali uliopo kati yako na mti ni kama urefu wa mti wenyewe, ikiwa ardhi ni tambarare. Sasa uzito. Zungusha kamba katika shina, upime mzingo wake kwa meta. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu wa kipande, ugawe kwa 12 na nusu. Kipande cha mkaratusi chenye mzingo wa meta 3 na urefu wa meta 5 chatoa meta 3,6 za ujazo. Na meta moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi yakaribia tani moja! Ndiyo kusema, kipande kimoja tu chapita tani tatu. Lori ndogo haitakibeba, na watu wanne hawatakisogeza kwa mikono.

Hesabu hiyo ndiyo yatoa bei: wafanyakazi wangapi kwa siku ngapi, petroli ya msumeno wa mashine, kamba, safari za lori, na posho ya yule anayepanda. Posho hiyo wengine huiona kubwa mno. Sisi hatuoni hivyo. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kufanya mshahara uwe wa haki. Nasi twaona neno hilo lamhusu sana mtu aning'iniaye kwenye kamba kwa ajili ya usalama wa nyumba yetu. Mti uliokauka ni wa hatari zaidi, kwa maana tawi lake halimwonyi mtu kabla ya kukatika. Fundi akikataa kuupanda, msimwite mwoga.

Wakati ufaao ni kiangazi, kuanzia Mei, ardhi ikiwa kavu na fundi hana haraka. Ulizeni kwanza katika ofisi ya komini kama ruhusa yahitajiwa, hasa mti ukiwa kando ya barabara. Penye nyaya, nendeni kwa shirika la umeme, SNEL, umeme ukatwe kabla mtu hajapanda. Pengine fundi atasema kwamba kupunguza matawi mawili yaliyooza kwatosha. Huyo amewaokolea fedha na kivuli pia.

Kisha andikeni karatasi, hata kama fundi ni ndugu. Iseme siku ya kuanza, nani atalipa kitu kikivunjika, kuni ni za nani, matawi yatapelekwa wapi. Lipeni sehemu mwanzoni na sehemu kiwanja kikiisha kusafishwa. Wala msisahau kisiki: mkaratusi uliokatwa huchipua tena, na mvua moja tu ikipita, machipukizi yaweza kumfikia mtu kifuani.