Kuunganisha betri: Makosa yanayoweza kuzima taa za wavuvi

WAVUVI wa dagaa katika pwani ya Kilwa huvua usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai, lakini sasa taa za LED zinazotumia betri zinachukua sehemu ya kazi hiyo. Betri moja isipotosha, ya pili iunganishwe vipi?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni mfululizo, yaani chanya ya betri moja kuungwa na hasi ya nyingine. Hapo volti hujumlishwa: betri mbili za volti 12 hutoa volti 24, na taa ya volti 12 ikiwekwa huungua. Ya pili ni sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti hubaki 12, bali muda wa matumizi huongezeka.

Taa ya wati 60 kwenye volti 12 hula ampea 5. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu, maana huchakaa upesi. Hivyo huwasha taa hiyo kwa saa 10, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mbili zilizo sambamba huwasha taa mbili za aina hiyo kwa muda huo huo.

Sharti ni kwamba betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Betri chakavu huivuta chini ile mpya.

Katika kuchaji, betri mbili za mfululizo huhitaji chaja ya volti 24, au kila moja ifunguliwe na kuchajiwa peke yake kwa chaja ya volti 12. Betri za lithiamu zina chaja yake. Zisichanganywe na za asidi.

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, hivyo ichajiwe mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara. Maji ya bahari yakiingia ndani yake huweza kuzalisha klorini, hewa ya sumu. Ndani ya chombo, betri ifungwe imara kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya maji ya ngamani.

Karabai ikififia hupigwa pampu ikawaka tena. Betri ikiisha baharini, usiku wa kazi umekwisha.