Tamthilia ya muziki sebuleni: namna ya kuitazama mubashara na kupanga matembezi ya utamaduni

Na Mwandishi Wetu

Jioni ya tarehe 30 Juni, 2016, watazamaji walioketi katika ukumbi wa Studio 54 jijini New York, Marekani, hawakuwa peke yao. Kamera zilizopangwa ukumbini zilirusha mubashara kupitia intaneti tamthilia ya muziki iitwayo She Loves Me, na kwa mara ya kwanza tamthilia ya muziki ya Broadway ikatazamwa majumbani katika saa ileile iliyokuwa ikichezwa jukwaani. Kwa saa za Afrika Mashariki, pazia lilifunguliwa saa 9:00 usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 1 Julai.

Hatua hiyo ilikuwa na watangulizi. Tarehe 30 Desemba, 2006, jumba la opera la Metropolitan la New York lilianza kurusha maonesho yake katika kumbi za sinema kwa kazi ya Mozart, The Magic Flute. Mwezi Juni, 2009, National Theatre ya London nayo ikaanza utaratibu kama huo kwa tamthilia ya Phèdre. Hata hivyo, ilimlazimu mtazamaji kutoka nyumbani na kukata tiketi ya sinema. Mwaka 2016 jukwaa lilimfuata mtazamaji sebuleni kwake.

Leo, mwananchi mwenye simu janja au runinga iliyounganishwa na intaneti anaweza kutazama kazi hizo. Makala haya yanaeleza namna ya kujiandaa, na kwa nini kioo hakipaswi kuchukua nafasi ya ukumbi.

Mubashara na rekodi ni vitu viwili

Onesho la mubashara hurushwa wakati linapochezwa. Mwimbaji akikosea, kosa hilo huonekana na wote. Rekodi huchukuliwa, huhaririwa na kutolewa baadaye. Tamthilia ya Hamilton, kwa mfano, ilirekodiwa mwezi Juni, 2016, lakini ilitolewa Disney+ tarehe 3 Julai, 2020, wakati kumbi za Broadway zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 12 Machi kutokana na janga la UVIKO-19.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi. Rekodi inaweza kusimamishwa na kuendelezwa kesho, ilhali onesho la mubashara halimsubiri aliyechelewa. Kabla ya kulipa, soma masharti ili ujue kama utaruhusiwa kulitazama tena, na kwa muda gani.

Hesabu ya saa na ya kifurushi

Saa za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima, ilhali New York na London husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Onesho la saa 2:00 usiku la New York huwa saa 9:00 usiku kwetu katika majira yao ya joto, na saa 10:00 alfajiri katika majira yao ya baridi. Onesho la mchana, linaloanza saa 8:00 huko, hutufikia saa 3:00 au saa 4:00 usiku. La London linaloanza saa 1:30 jioni huwa saa 3:30 au saa 4:30 usiku. Kwa familia yenye watoto, onesho la mchana la New York au la jioni la London, siku isiyotangulia siku ya shule, ndilo linalofaa zaidi.

Hesabu ya pili ni ya intaneti. Picha inayopokelewa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia takribani gigabaiti 0.9 kwa saa. Kwa kasi ya megabiti 5, hutumia gigabaiti 2.25. Onesho la saa mbili na nusu litahitaji basi kati ya gigabaiti 2.25 na 5.6, kulingana na ubora wa picha. Ni busara kupunguza ubora huo mapema kuliko kifurushi kuisha kabla ya wimbo wa mwisho. Chaji vifaa kabla umeme haujakatika, na msome muhtasari wa hadithi pamoja. Anayejua tangu mwanzo kwamba She Loves Me inahusu wafanyakazi wawili wa duka la manukato mjini Budapest, wanaogombana kila siku bila kujua kwamba wao ndio wanaoandikiana barua za mapenzi, atafuatilia nyimbo kwa urahisi hata kama Kiingereza chake si kipana.

Aidha, lipia onesho kwa mwenye haki. Nakala zinazosambazwa kiholela katika simu humnyima msanii ujira wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za mtunzi na za mwigizaji aliyesimama jukwaani pia.

Kile ambacho kioo hakiwezi kuleta

Kamera humpa mtazamaji ukaribu: chozi lisiloonekana kutoka kiti cha nyuma huonekana wazi katika runinga. Lakini humnyang'anya uchaguzi. Ukumbini, mtu hutazama anapotaka. Nyumbani, huoneshwa alichochagua mwongozaji wa picha.

Hasara hiyo hailingani katika sanaa zote. Katika tamthilia za Broadway, mtazamaji huketi gizani, hunyamaza na hupiga makofi wimbo unapokwisha. Mtu wa namna hiyo anaweza kuhamishiwa sebuleni bila onesho kuharibika sana. Taarab haiko hivyo. Maneno yanapomgusa msikilizaji, huinuka, husogea mbele na kumtunza mwimbaji, na kutunza huko ni sehemu ya onesho lenyewe. Ngoma nayo huhitaji duara, na duara hufanywa na watu. Aliye nyuma ya kioo hatunzi wala haitikii. Huona tu wenzake wakifanya hivyo.

Kwa sababu hiyo, kanuni nyepesi inaweza kumwongoza mwananchi: kilicho mbali kitazamwe katika kioo, kilicho karibu kifuatwe kwa miguu. Familia isiyoweza kumudu safari ya New York hupata faida kubwa kwa kutazama mubashara. Lakini familia iliyo Dar es Salaam au Unguja ikiridhika na video fupi za taarab na ngoma, hupoteza sehemu iliyo bora, na msanii wa hapa hukosa kiingilio kinachomwezesha kurudi jukwaani.

Namna ya kupanga matembezi

Kwanza, anza na kalenda. Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo, linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), lilianza mwaka 1982. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kawaida mwezi Februari. Thibitisha tarehe kwa waandaaji kabla ya kukata tiketi za safari.

Pili, unganisha onesho na mahali. Bagamoyo iko takribani kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Asubuhi inaweza kutumika katika magofu ya Kaole na jioni ukumbini. Aendaye Unguja anaweza kuulizia onesho la Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905. Kwa wasio na nafasi ya kusafiri, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali.

Tatu, andika gharama zote: kiingilio, nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi. Usafiri wa usiku ndio husahauliwa mara nyingi, kwa kuwa maonesho huisha wakati mabasi yamepungua.

Nne, tenga fedha kidogo za kumtunza msanii. Ukumbini, hiyo ni njia yako ya kushiriki.

Familia inayopanga miezi mitatu ijayo inaweza kuandika tarehe mbili katika kalenda yake: moja ya onesho la mubashara nyumbani, nyingine ya ukumbi ulio karibu. Baada ya tarehe ya pili, waulizwe watoto ni onesho lipi wanalolikumbuka zaidi, na jibu lao lisaidie kupanga miezi inayofuata.