Mboga bila dawa: bustani ya nyumbani huanza na mboji

Mwezi wa Januari, mvua inapopungua, fungu la managu katika soko la Daraja Mbili au Keroka huwa dogo na bei yake huwa kubwa. Wakati huohuo, nyuma ya jikoni nyingi za Kisii na Nyamira, majivu, maganda ya ndizi na samadi ya ng'ombe wa nyumbani hutupwa au huachwa vilowe mvua. Takataka hizo ndizo zingelisha mboga za familia.

Ardhi ni finyu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na watu 605,576 Nyamira. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na sehemu iliyobaki mara nyingi ina majani chai, ndizi, mahindi na nyasi ya ng'ombe. Hata hivyo, tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tatu linatosha kujifunzia kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani.

Sababu ya kuanza na mboga za majani ni nyepesi kueleza. Kila dawa ya kuua wadudu ina maandishi yanayosema ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mkulima wa kabichi anaweza kusubiri, kwa kuwa kabichi huvunwa mara moja. Managu, chinsaga na sukuma wiki huchumwa kila wiki, pengine kila baada ya siku tatu. Anayenyunyiza leo na kuchuma kesho kutwa anapeleka dawa kwenye sufuria, na watoto ndio wanaokula.

Udongo ndio wa kwanza. Milima ya Gusii hupata mvua nyingi, na mvua hiyo huosha chokaa ya asili iliyomo ardhini na kuacha asidi. Mbolea ya DAP, ikitumiwa msimu baada ya msimu, huongeza asidi hiyo. Ndipo mkulima huona mboga zimedumaa ilhali ameweka mbolea ileile ya miaka yote. Kupima udongo huondoa kubahatisha. Sampuli huchukuliwa mahali kadhaa shambani, kina cha sentimita 20, zikachanganywa kwenye ndoo safi, kisha nusu kilo hivi ikapelekwa kupimwa. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kueleza pa kuipeleka. Asidi ikizidi, chokaa ya kilimo inaruhusiwa katika kilimo hai. Majivu ya kuni pia husaidia, lakini kwa kiasi: konzi moja kwa kila mita mraba yatosha kwa msimu.

Kinachorudishia udongo nguvu ni mboji. Ikianzwa mwezi wa Desemba, huwa tayari mvua ndefu zinapoanza mwezi wa Machi. Huchaguliwa mahali penye kivuli, kama vile chini ya mgomba, na hutandazwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yapitishe hewa. Juu yake huwekwa majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu, kila tabaka likinyunyiziwa maji. Matabaka hurudiwa hadi lundo lifike kifuani, kisha likafunikwa kwa majani ya ndizi.

Kwa majani mabichi, hakuna bora kuliko tithonia, yale maua ya manjano yenye majani machungu yanayoota kando ya barabara na kwenye ua. Watafiti magharibi mwa Kenya waliyapima na kukuta kwamba majani yake yakikaushwa huwa na naitrojeni ya takribani asilimia 3.5 na potasiamu ya takribani asilimia 4. Wengi huyakata na kuyaacha yakauke barabarani. Majani ya mikaratusi hayafai, kwani huoza polepole na kudhoofisha miche. Mashina ya nyanya au viazi yaliyokufa kwa baka jani pia yasiingie humo.

Kijiti kirefu kilichochongwa huchomekwa katikati ya lundo. Baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa. Kikiwa moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, lundo linahitaji maji. Kikiwa baridi, chepechepe na kunuka, lipinduliwe na kuongezwa majani makavu. Lundo hupinduliwa kila baada ya wiki tatu, na katika baridi ya huku huchukua kama miezi mitatu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, haina moto, na hunukia kama udongo wa msituni. Samadi mbichi haifai kuwekwa moja kwa moja kwenye miche. Huiunguza, na ile ya kuku ndiyo kali zaidi.

Tuta huchimbwa kukata mteremko, kamwe si kufuata mteremko, la sivyo mvua ya Aprili itaishusha mboji yote kwa jirani. Debe moja la mboji kwa kila mita mraba huchanganywa na udongo wa juu.

Managu huoteshwa kwanza kwenye kitalu. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa. Miche huhamishwa ikiwa na wiki nne hadi sita, na huachiwa nafasi ya sentimita 30. Mmea ukifika urefu wa shubiri moja, ncha yake hukatwa ili utoe matawi, kwa kuwa matawi ndiyo mavuno. Managu ni ndugu ya viazi na nyanya, na magonjwa yao ni mamoja. Msimu unaofuata, tuta hilo lipandwe kunde au chinsaga.

Chinsaga haipendi kuhamishwa, wala kivuli cha migomba. Hupandwa moja kwa moja kwenye mistari, kina cha sentimita moja tu, na ile inayopunguzwa huliwa. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa: mbegu zilizovunwa juzi hukataa kuota, na mwenyewe hudhani zimeoza. Hazijaoza, zimelala. Zikikaa mahali pakavu miezi mitatu au zaidi, huamka. Maua yanapoanza kuchomoza yakatwe kila mara, na mmea utaendelea kutoa majani badala ya kukimbilia mbegu.

Wadudu watakuja, na asemaye kwamba kilimo hai hakina wadudu hajalima. Vidukari hujificha chini ya majani. Maji yenye sabuni kidogo, au majivu yaliyochekechwa na kunyunyizwa asubuhi kungali na umande, huwapunguza. Mvua ikinyesha, kazi hurudiwa. Mchanganyiko wa pilipili na vitunguu saumu nao hutumika. Maji ya tumbaku yaepukwe kabisa. Ni ya asili, lakini ni sumu kwa binadamu, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye managu na nyanya.

Anayekodi chumba mjini Kisii au Nyamira anaweza kutumia gunia. Mkebe usio na kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na mboji hujazwa kuuzunguka, kisha mkebe huvutwa juu kidogo na kazi kurudiwa hadi gunia lijae. Kokoto hizo ndizo njia ya maji. Sukuma wiki na managu hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Mboga za kula nyumbani hazihitaji cheti. Anayetaka kuuza kwa alama ya Kilimohai ndiye anayepaswa kukaguliwa, kwa kufuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka wa 2007.

Kabla msimu haujaisha, mimea miwili au mitatu ya chinsaga iliyo na afya zaidi iachwe itoe maua. Maganda yakianza kuwa ya manjano huvunwa kabla hayajapasuka, hukaushwa kivulini juu ya gazeti, na mbegu huwekwa kwenye chupa kavu yenye tarehe ya kuvunwa. Zikivunwa Juni, Septemba zitakuwa tayari kwa mvua za vuli.