Zabuni za Mantapala: faida yaweza kuishia njiani

Wafanyabiashara wengi wanaoomba kazi za ujenzi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, hukokotoa bei ya saruji kama ilivyo kiwandani. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 2018 kupokea Wakongo waliokimbia mapigano ya Katanga na Tanganyika kuanzia 2017. Madarasa, zahanati na nyumba huhitaji saruji, nondo na mabati, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutoka mbali. Lori linalotoka Ndola lina njia mbili. Ya mkato hupita Mokambo, ikakatiza ardhi ya Kongo hadi daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, kisha Mansa. Hapo taratibu za mpaka na ada zake ni lazima zihesabiwe. Ya pili huzunguka kupitia Serenje na Samfya, na hula mafuta zaidi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Lori la tani 30 hubeba mifuko 600 ya kilo 50. Mfuko ukinunuliwa kwacha 150, shehena nzima ni kwacha 90,000. Ongeza nauli ya 36,000, na kupakia na kupakua 3,000. Jumla inakuwa 129,000. Mifuko 18 ikipasuka au kulowa, inabaki 582, na kila mfuko unaotumika umegharimu takriban kwacha 222, si 150. Aliyeandika 150 kwenye zabuni amepungukiwa kwacha 41,700 kwa lori moja tu.

Kundi la pili ni gharama za uendeshaji: mshahara wa msimamizi, mlinzi, ghala, jenereta, gari, bima na dhamana ya benki. Hizi hazifuati wingi wa kazi bali hufuata muda. Tuseme vifaa na vibarua ni kwacha 800,000, na uendeshaji ni 30,000 kwa mwezi kwa miezi minne, yaani 120,000. Ukiongeza faida ya asilimia 10 juu ya jumla hiyo, unapata 92,000. Kazi ikichelewa miezi miwili, 60,000 zinaondoka na faida inabaki 32,000. Kwa hiyo kuweka asilimia fulani ya uendeshaji kwa mazoea ni hatari. Orodhesha kila kitu, kisha zidisha kwa miezi.

Na kuchelewa huku kuna majira yake. Mvua za Luapula huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Aidha, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku. Malori ambayo hurudi na samaki na dagaa wa Mweru, ambao wenyeji huwaita chisense, hukosa mzigo wa kurudi, na mwenye lori hulazimika kumtoza anayepeleka mzigo gharama ya safari zote mbili. Barabara mbovu na nauli kubwa huja kwa wakati mmoja. Mwenye mtaji anashauriwa kufikisha nondo, mabati na saruji ya msingi kabla ya Novemba, na kupanga saruji juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwisho, soma mkataba kabla ya kusaini. Je, bei inaweza kurekebishwa kwacha ikishuka au dizeli ikipanda? Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 imo ndani ya bei au la? Malipo hutolewa baada ya siku ngapi, na kiasi gani hushikiliwa hadi muda wa matengenezo uishe? Msafirishaji naye aandikiane na mkandarasi nani anabeba hasara ya mifuko iliyolowa na siku ambazo lori limesimama likisubiri kushusha.

Bei ya chini hushinda zabuni, lakini kama haikuhesabu njia na muda, mshindi atajenga kwa fedha zake mwenyewe.